Laini ya jina la mtu mwingine: yangu niliipata baada ya siku 26

Mdogo wangu wa Kasese, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ni kisa changu kabisa. Unasema simu imeibiwa, laini imesajiliwa kwa jina la shangazi yako, ndani kuna laki sita, na dada wa kituo cha huduma amekuambia ununue namba mpya. Ya kupigia nunua, hamna neno. Lakini ile ya zamani usiiache. Pesa yako ingalipo, na namba inaweza kurudi.

Mimi ni mfanyabiashara Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nauza vitenge na nguo za watoto. Laini yangu niliisajili 2013, zile siku watu walipokuwa wakipanga foleni juani wakiambiwa simu zitazimwa. Kitambulisho cha taifa kilikuwa hakijaanza kuandikishwa, hicho kilikuja 2014. Mimi sikuwa na kadi ya kura, sikuwa na pasipoti. Shemeji yangu alikuwa na leseni ya udereva, akanisajilia kwa jina lake, tukashukuru Mungu. Kisha Aprili 2017 Tume ya Mawasiliano ikatoa siku saba kila laini ihakikiwe kwa namba ya kitambulisho, siku zikaja kuongezwa. Changu kilikuwa hakijatoka. Shemeji akaweka namba yake tena. Kwa hiyo miaka kumi wateja wangu wote, kuanzia Koboko hadi Ariwara kule Kongo, walinijua kwa namba ambayo kwenye kompyuta ya kampuni ni ya mwanamume anayetengeneza magari Juba. Mteja mpya akinitumia pesa, jina likitokea la kiume, ananipigia kwanza kuuliza kama si matapeli.

Mwaka 2023, wiki ya kwanza ya Ramadhani, nilikwenda Kampala kuchukua mzigo wa Iddi. Usiku, pale Arua Park, stendi ya mabasi ya kuja kwetu, napandisha mabunda kwenye basi, mtu akapitisha mkono kwenye mkoba. Kwenye akaunti ya simu kulikuwa na 1,360,000, mtaji wangu wote uliobaki.

Nikaazima simu ya kondakta, nikapiga huduma kwa wateja. Hapa ndipo nilipokosea, na nakuomba unisikilize vizuri. Nilisema, "Fungeni pesa zangu." Kijana akauliza jina la mwenye laini, nikalitaja. Akauliza namba ya kitambulisho cha mwenye laini, sikuijua. Akakataa. Nikampigia dada yangu Koboko, naye akampigia mumewe, ndiye huyo shemeji, kule Juba, akawa kazini, simu iko chaji kwenye duka la jirani. Ilipopatikana ile namba, saa mbili zilikuwa zimepita. Wakafunga akaunti ya pesa, nikalala kwenye basi nikiamini nimeokoka.

Pesa kweli iliokoka. Mwizi hakuwa na namba ya siri. Ila laini yenyewe ilikuwa bado inafanya kazi! Kufunga akaunti ya pesa ni jambo moja, kufunga laini ni jingine, na yule kijana hakuniambia. Mwizi akatoa kadi yangu akaiweka kwenye simu yake, akafungua WhatsApp, ule ujumbe wa namba za uhakiki ukaingia kwenye laini yangu iliyoko mkononi mwake. Asubuhi nashuka Arua, tayari ameshawaandikia wateja wangu kwa jina langu na picha yangu: mzigo umekwama, nisaidie laki mbili kwa namba hii. Mama mmoja wa Koboko ambaye tumefanya kazi pamoja miaka sita alituma. Alituma kwa sababu ananiamini. Ile laki mbili nilimrudishia mimi mwenyewe, kwa awamu tatu, na mpaka leo nikikumbuka moyo unauma kuliko kuibiwa simu.

Kwa hiyo kama bado hujafanya hivyo, usiku huu huu piga useme maneno mawili tofauti: fungeni akaunti ya pesa, na fungeni laini isipokee ujumbe wala simu. Kabla ya kupiga, kaa na namba ya kitambulisho cha shangazi, tarehe yake ya kuzaliwa, na muamala mmoja au miwili ya mwisho unayoikumbuka. Mimi baadaye waliniuliza nani alinitumia pesa mara ya mwisho na kiasi gani.

Kituo cha huduma cha Arua nilienda nikiwa na barua ya polisi na kitambulisho changu. Mhudumu wa kwanza akasema lazima mwenye laini aje mwenyewe kwa alama za vidole. Sawa. Nikarudi siku ya tatu, wa pili akasema shemeji aandike tu hati ya kiapo huko Juba, itatosha. Tukahangaika, tukalipa mwanasheria, hati ikaja na dereva wa lori. Wa tatu akaitazama akasema kampuni haipokei karatasi, inapokea vidole. Dirisha lile lile, wiki mbili, majibu matatu! Wa nne ndiye aliyeniambia kama wewe: mama, nunua namba mpya.

Siku hiyo nilikasirika mpaka nikatetemeka. Sheria ya alama za vidole naielewa, na naiunga mkono. Bila hiyo, yule yule mwizi angekwenda na barua ya uongo akabadilishiwa laini yangu. Kinachoniudhi ni mfanyakazi kumpa mtu jibu ambalo hana hakika nalo, huku mtu huyo anafunga duka kila anapokuja pale. Nikamwomba anipe jibu lake kwa maandishi pamoja na namba ya malalamiko. Akasema hawaandiki. Nikakaa. Baada ya nusu saa msimamizi akatoka, akaniandikia namba ya malalamiko, na kwa mara ya kwanza mtu akanieleza kwa ukamilifu: mwenye laini na anayeipokea waje pamoja, kila mmoja na kitambulisho chake halisi, wote waweke vidole, laini ihamishwe jina, kisha kadi mpya itolewe kwa jina langu. Karatasi ya mtu mwingine haihitajiki.

Msimamizi huyo huyo ndiye aliyeniondolea hofu ya pesa. Pesa haikai ndani ya kadi. Tangu Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2020, pesa za wateja lazima zihifadhiwe kwenye akaunti ya amana benki, na biashara ya pesa za simu inapewa leseni na Benki Kuu. Hii ina faida nyingine kwako. Wakikuzungusha juu ya laini, mlango wako ni Tume ya Mawasiliano. Wakikuzungusha juu ya pesa, mlango ni Benki Kuu ya Uganda. Kote utaulizwa kama ulilalamika kwa kampuni kwanza, ndiyo maana ile namba ya malalamiko ni dhahabu.

Shemeji alikuja kwa Iddi kupitia mpaka wa Oraba. Jumatatu yake, saa mbili asubuhi, tulikuwa mlangoni. Kazi yote haikufika dakika arobaini. Niliweka namba mpya ya siri, nikatazama salio: 1,360,000, hata shilingi haijapungua. Nilitoa yote siku ile ile, nikakatwa humo humo kodi ya nusu asilimia na ada ya wakala juu yake, nikalipa bila kunung'unika.

Watu wa hali yetu ni wengi. Jirani yangu sokoni, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayeishi kambi ya Rhino, miaka yote alitumia laini ya mwenyeji mmoja, ingawa tangu 2019 wakimbizi wanaruhusiwa kusajili kwa nyaraka zao zinazotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Hakuwa amesikia. Tulikwenda naye pamoja. Kuna na mjane mmoja ambaye laini ni ya marehemu mume wake. Hiyo ni njia nyingine, kampuni ilimtaka alete barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na bado anaifuatilia.

Wewe shangazi yako yu hai na umesema yuko Fort Portal, si mbali. Mpigie sasa hivi, mwambie atafute kitambulisho chenyewe, si nakala, na asikitume kwa picha kwa mtu yeyote anayejiita wa kampuni. Kutaneni kituoni kesho mapema. Kesho ni Jumamosi, kituo chetu huku hufunga mchana siku hiyo, chenu sijui. Ukifika, kabla hujaeleza lolote, omba namba ya malalamiko na uandike jina la aliyekuhudumia. Kisha rudi utuambie wamesemaje.