Jibu: "get" si "pata" kila mahali
Salaam ndugu. Umeuliza namna ya kutafsiri neno la Kiingereza "get" kwa Kiswahili. Umekwama kwa sababu kila ukiona "get" unaweka "pata", kisha "get old" inakuwa "pata mzee". Nami nilihangaika nalo muda mrefu. Kwanza tazama neno linalofuata. Likiwa sifa, hali inabadilika: "get old" ni kuzeeka, "get angry" ni kukasirika. Likiwa mahali, ni kufika. Likiwa jina la kitu, hapo sasa "pata" inafaa, ingawa "get me a chair" ni niletee kiti. "Get paid"? Kulipwa tu. Iliyonisumbua zaidi ni "I get it". Nilikuwa najiuliza, amepata nini? Kumbe mtu anasema ameelewa.