Kemikali za mabomba ya plastiki: madhara yake hukadiriwaje?

SWALI: Tumehamia nyumba mpya yenye mabomba ya plastiki, na maji ya asubuhi yana harufu. Wataalamu hujuaje kama kemikali hizo zina madhara, ilhali nyingi hazijafanyiwa utafiti wa sumu? Tuna mtoto mchanga anayetumia maziwa ya kopo.

JIBU: Ndugu msomaji, harufu si kipimo cha hatari. Pua hunasa baadhi ya kemikali zikiwa kidogo mno, lakini haihisi kabisa madini ya risasi, ambayo kwa miaka mingi yalitumika kuimarisha mabomba ya PVC, aina moja ya plastiki.

Kazi huanzia kwenye maji yenyewe. Kipande cha bomba hujazwa maji na kuachwa, kwa kawaida saa 72, kisha maji hupimwa na zoezi hurudiwa kwa maji mapya. Kemikali ikipungua kila awamu, huenda ni mabaki ya kiwandani yanayokwisha. Isipopungua, plastiki ingali inaitoa. Joto huongeza kasi hiyo, na wembamba wa bomba pia una uzito wake, kwani lita moja ya maji ndani ya bomba la milimita 15 hugusana na plastiki karibu mara 7 zaidi kuliko ndani ya bomba la milimita 100.

Kwa kemikali isiyo na utafiti, tunachunguza muundo wa molekuli yake na kuilinganisha na zinazojulikana. Ikiangukia kundi la kutiliwa shaka zaidi kati ya makundi matatu ya Cramer, yaani mpangilio wa kemikali kwa sumu inayotarajiwa kutokana na muundo wake, kiwango cha tahadhari, ambacho chini yake madhara hayatarajiwi, ni mikrogramu 90 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Ikishukiwa kudhuru vinasaba, kiwango hushuka hadi 0.15. Risasi haikadiriwi hivi, kwa kuwa hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Mwanao ndiye wa kufikiriwa kwanza. Tuchukulie maji yana mikrogramu 5 za kemikali fulani kwa lita. Mtu mzima wa kilo 60 anayekunywa lita 2 hupata takriban mikrogramu 0.17 kwa kila kilo ya mwili wake, ilhali mtoto wa kilo 5 anayekunywa robo tatu ya lita hupata 0.75, yaani zaidi ya mara 4. Makadirio yaliyofanywa kwa mtu mzima peke yake hayamlindi.

Kwa hiyo, maji yaliyolala bombani yatumieni kwa usafi, na ya maziwa yakingwe baada ya bomba kufunguliwa kwa muda, kutoka bomba la maji baridi, kisha yachemshwe. Kuchemsha hakuondoi risasi, hivyo pelekeni sampuli ya maji ya asubuhi maabara ipimwe.