Zamu ya Maji Ianzie Mkiani

Ukitaka kukijua chama cha wamwagiliaji, usiishie ofisini. Fuata mfereji toka kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, hadi jaruba (kipande cha shamba la mpunga) la mwisho, umuulize mwenye jaruba hilo maji yalimfikia lini.

Nimekaa kwenye kamati ya maji ya skimu ya mpunga misimu mingi. Ugomvi karibu wote tulioamua ulikuwa na mzizi mmoja: wa juu anafungulia kwanza kwa sababu maji yanaanzia kwake. Mto ukiwa umejaa, hakuna anayejali. Ukipungua, mpunga wa mkiani, mwisho wa mfereji, unanyauka ukiwa umebeba mimba, na watu wanaanza kulinda mageti usiku na mapanga.

Tuliamua zamu ianzie mkiani ipande kuelekea banio. Wenye mashamba ya juu walilalamika sana, hasa wakati wa kupandikiza. Kilichowatuliza ni daftari: mgawa maji anaandika saa ya kufungua na ya kufunga kila geti, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kulisoma. Huyo mgawa maji mlipeni kwa wakati kutokana na ada. Asipolipwa na chama, atalipwa na mwenye haraka. Na faini ya kutofika kusafisha mfereji imguse hata mwenyekiti.

Lakini hamwezi kugawana kwa haki maji ambayo yamekwisha kuchukuliwa huko juu. Skimu ya Lower Moshi, Kilimanjaro, ilikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, hekta 1,100 zikipangiwa mpunga. Mavuno yalikuwa mazuri mno, hata wakulima wa juu ya mto Rau nao wakaanza kulima mpunga, na maji ya skimu yakapungua. Siwalaumu, nani angeona faida ile akae tu?

Kwa hiyo hakikisheni kibali chenu cha kutumia maji kiko hai kwenye bodi ya maji ya bonde la mto wenu, kisha undeni jumuiya ya watumia maji pamoja na vijiji vya juu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu. Kaeni nao kabla hamjamwaga mbegu kitaluni, mkiwa na vipimo vya mto vya wakati huo. Maji yakitosha nusu ya mashamba, limeni nusu, nusu nyingine isubiri msimu ujao, na kura ipigwe hadharani, wa mkiani wakiwepo.