Mto uko pale, kwa nini nyumba ziko huku?

Maswali ya safari hii yanahusu ramani za 1:50,000, ambazo sentimita 2 ni kilometa 1 ardhini.

Kwenye ramani ya Kilimanjaro nyumba zimeikwepa mito. Kwa nini?

Tazama kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, zinapoukata mto: zinachongoka, ncha ikielekea mlimani. Hilo ni korongo. Kama karatasi yako ina kontua za kila mita 20, hesabu mistari kutoka kwenye nyumba hadi mtoni. Ukipata mitano, mama mwenye ndoo ana kimo cha kama mita 100 cha kupanda. Ndiyo maana Wachagga walijenga mgongoni, kati ya korongo na korongo, na maji wakayafuata juu zaidi. Huyachepusha mtoni kwa mfongo, mfereji wao wa asili, yakatambaa ubavuni mwa mlima mpaka kihambani, shamba la nyumbani, kwenye migomba na kahawa. Ukiona mstari mwembamba wa bluu unaokwenda sambamba na kontua badala ya kuzikata, huenda ndio mfongo wenyewe. Kwangu mimi hakuna mstari mzuri kuliko huo katika ramani nzima.

Na Rufiji? Bonde ni tambarare na lina rutuba, ila vijiji vimekaa pembeni.

Zamani wengi waliishi humo humo bondeni, kwenye kingo zilizoinuliwa na mchanga wa mafuriko. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, serikali iliwahamishia watu sehemu za juu, hasa kaskazini mwa mto. Mashamba yalibaki bondeni, kwa hiyo msimu wa kilimo watu hurudi na kulala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo. Ramani huonyesha kijiji, lakini nusu ya maisha iko kule shambani.

Mstari wa bluu uliokatikakatika ni nini?

Mto wa msimu. Usiudharau: Dodoma watu huchimba mchanga wake kiangazi na kupata maji.

Nataka kiwanja karibu na mto. Ramani inatosha?

Haitoshi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kwenye ramani hii mita 60 ni milimita 1.2, unene wa kalamu butu. Soma pia mwaka uliochapwa pembeni, maana mto huhama. Kisha nenda na kamba ya kupimia, na umwombe mzee wa pale akuonyeshe mti ambao maji yaliufikia.