Maswali ya Wasomaji: Msimamizi wa Kompyuta Yako ni Nani?

Mwezi huu nimechagua barua nne kutoka Kisumu, Nakuru, Bungoma na Kakamega. Zote zinahusu kompyuta za Windows zinazomkatalia mwenyewe kuingia au kufanya jambo analotaka. Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa kuwa shida ya mama huyu imewapata watu wengi wanaonunua kompyuta iliyokwisha kutayarishwa na mtu mwingine.

SWALI: Nina duka la kuchapa na kutoa nakala karibu na soko la Kibuye, Kisumu. Fundi aliyeniuzia kompyuta ndiye aliyeitayarisha, nami nimekuwa nikiingia kwa jina langu bila taabu. Juzi nilinunua printa mpya, na kila ninapojaribu kuweka programu yake, dirisha linafunguka likidai neno la siri la akaunti iitwayo “Fundi”. Neno hilo sikuwahi kupewa, na simu yake siku hizi haipatikani. Kijana mmoja ameniambia ataivunja kwa flashi kwa shilingi 1,500. Je, nimkubalie? (Mama wa duka, Kisumu)

JIBU: Mama, kabla hujatoa hata shilingi moja, jaribu jambo hili. Ondoa ile diski ya programu iliyokuja na printa, hakikisha kompyuta ina intaneti, kisha chomeka waya wa printa na usubiri dakika chache. Printa nyingi za kisasa hutambuliwa na Windows yenyewe, ikatafuta programu inayofaa na kuiweka bila kumwomba mtu ruhusa. Huenda kazi ya leo ikaendelea wakati ukitafuta suluhisho la kudumu.

Sasa tuje kwenye kiini. Windows ina akaunti za aina mbili, ya msimamizi na ya mtumiaji wa kawaida. Msimamizi anaweza kuweka programu, kubadilisha maneno ya siri ya wengine na kugusa faili za mfumo. Mtumiaji wa kawaida hufanya kazi zake za kila siku, lakini akitaka kubadilisha jambo linaloigusa kompyuta nzima, sharti neno la siri la msimamizi liandikwe. Ili ujue uko upande gani, fungua mipangilio, uingie sehemu ya akaunti, utazame chini ya jina lako: kama wewe ni msimamizi, utaona pameandikwa “Administrator”. Njia nyingine ni kuandika “cmd” katika kisanduku cha kutafutia, ufungue dirisha jeusi litakalotokea, uandike “net localgroup Administrators”, kisha ubonyeze Enter. Orodha ya wasimamizi wote itatokea. Kwa maelezo yako, natarajia utaona majina mawili: Administrator na Fundi.

Hilo jina la kwanza limewapotosha wengi. Ni akaunti inayokuja na Windows yenyewe, lakini tangu toleo la Vista, lililoanza kuuzwa kwa umma mwaka wa 2007, huwa imezimwa. Utaambiwa na watu kwamba uiwashe kwa kuandika “net user Administrator /active:yes”. Amri hiyo ni sahihi, ila hukubaliwa tu ikitolewa na mtu ambaye tayari ni msimamizi. Ukiiandika wewe, utajibiwa kwamba kuna kosa la mfumo nambari 5, yaani umekataliwa ruhusa. Ni sawa na kuambiwa ufunguo wa akiba upo, lakini umefungiwa ndani ya nyumba ile ile.

Kuhusu kijana na flashi yake, sitakuficha: njia anayoizungumzia ipo, na hufanya kazi ikiwa diski ya kompyuta haijafungwa kwa usimbaji, yaani kuyageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo. Kompyuta ni yako, kwa hiyo huvunji sheria ukimruhusu. Hata hivyo ushauri wangu ni kwamba usimkubalie, nami nina sababu mbili. Kwanza, hujui flashi hiyo imepitia wapi wala itaacha nini ndani. Pili, na hili ndilo zito zaidi, hujui yule fundi wa kwanza aliweka nini alipokuwa peke yake na mamlaka yote. Anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa; lakini duka linalowafungulia wateja kurasa za kodi na za huduma za serikali, likishika vitambulisho vyao na maneno yao ya siri, halifai kutegemea tumaini peke yake. Kubadilisha neno la siri la akaunti ya Fundi hakuondoi kitu alichokiacha.

Kwa hiyo anza upya kabisa. Kwa kuwa bado unaingia kwa jina lako, nakili kila kitu chako kwenye diski ya nje: hati, picha, violezo vya kadi za harusi, hesabu za duka, hata alamisho za kivinjari. Fungua faili kadhaa ukiwa kwenye kompyuta nyingine ili uhakikishe nakala ni nzima. Kisha rudi kwenye skrini ya kuingilia, shikilia kitufe cha Shift huku ukichagua kuwasha upya, na utaona ukurasa wa bluu wenye njia za marekebisho. Chagua kurejesha kompyuta katika hali ya mwanzo, na ukiulizwa, chagua kufuta kila kitu. Ile njia ya kubakiza faili huelekea kudai neno la siri la msimamizi, nawe utakuwa umerudi pale pale. Kompyuta ikidai ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows yenyewe), ambao ni tarakimu 48, simama kwanza; ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeitayarisha kompyuta, na hapo huna budi kumtafuta fundi kwa njia nyingine, hata kupitia majirani wa duka lake. Leseni ya Windows isikutie hofu, kwani ikiwa ilikuwa halali, itajitambua yenyewe kwenye kompyuta hiyo hiyo mara utakapounganisha intaneti.

Akaunti ya kwanza inayofunguliwa wakati wa matayarisho ndiyo inayokuwa ya msimamizi, kwa hiyo keti mwenyewe kwenye kiti hicho. Ipe jina lisilofanana na la kazi, andika neno lake la siri kwenye karatasi, na uiweke pamoja na hati zako za nyumbani, si chini ya kibodi. Baada ya hapo fungua akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi, na nyingine ya msaidizi wako.

Utauliza kwa nini usifanye kazi kila siku kama msimamizi, wakati kompyuta ni yako. Fikiria asubuhi moja ya dukani: mwanafunzi anakupa flashi achapiwe ukurasa mmoja, akija mwingine na barua ya kuomba kazi, kisha katibu wa chama na kumbukumbu za mkutano. Kila flashi imepitia kompyuta kumi nyingine. Programu chafu ikifunguka, hupata mamlaka aliyo nayo yule aliyeifungua, wala haina zaidi. Ni kweli kwamba tangu Vista hata msimamizi hufanya kazi kwa mamlaka yaliyopunguzwa hadi akubali katika dirisha la onyo linalomwuliza kama anaruhusu mabadiliko. Lakini foleni ikiwa ndefu, kidole hubonyeza “Yes” kabla jicho halijasoma. Akaunti ya kawaida hukulazimisha kuandika neno zima, na huo muda mfupi wa kuandika ndio unaokupa nafasi ya kujiuliza kwa nini ukurasa mmoja wa mwanafunzi unataka kubadilisha kompyuta yako. Kwa hivyo fundi wako alifanya nusu ya jambo jema alipokupa akaunti ya kawaida. Kosa lake ni kuondoka na neno la siri ambalo lilikuwa haki yako siku ile ile uliyomlipa.

SWALI: Stima ilipotea usiku mtaani kwetu Nakuru nikiwa ninaandika kazi ya chuo. Iliporudi, kompyuta inaikataa nambari yangu ya PIN ingawa nina hakika nayo. Imefikia kuniambia niandike A1B2C3. Je, nimevamiwa? (Mwanafunzi, Nakuru)

JIBU: Hujavamiwa. Herufi na tarakimu hizo huombwa na Windows yenyewe baada ya kukosea mara kadhaa, ili ithibitishe kwamba kibodi inafanya kazi na kwamba anayeandika ni mtu aliye makini. Ziandike kama zilivyo. Kisha tazama Num Lock: kompyuta ikizimika ghafla, kitufe hicho huweza kurudi katika hali tofauti, na zile tarakimu za upande wa kulia wa kibodi zisiandike chochote. Tumia zile za safu ya juu.

Ikiwa bado inakataa, bonyeza chaguo za kuingia zilizo chini ya kisanduku na uingie kwa neno la siri la akaunti yako, kwani PIN ni ya kompyuta hiyo moja tu, na ni tofauti na neno la siri. Ukiingia, tazama saa na tarehe. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekwisha hurudi nyuma miaka mingi kila stima inapokatika, na tarehe ikiwa mbovu, mawasiliano ya usalama na akaunti ya mtandaoni hushindikana. Betri hiyo ni ya mviringo, inaitwa CR2032, na bei yake si kubwa.

SWALI: Kompyuta yangu ya mkononi iliharibika ubao. Niliitoa diski yake nikaiunganisha kwa waya wa USB kwenye kompyuta mpya, nikaweka jina lile lile na neno la siri lile lile, lakini nikifungua folda yangu ya zamani ninaambiwa sina ruhusa. Humo mna alama za wanafunzi za miaka mitatu. (Mwalimu, Bungoma)

JIBU: Mwalimu, alama zako zipo. Windows haikutambui kwa jina wala kwa neno la siri. Inakutambua kwa nambari ndefu inayoanza na S-1-5-21, ambayo hutungwa akaunti inapofunguliwa na hairudiwi. Ni kama wanafunzi wawili wenye jina moja katika shule mbili: sajili zinawatofautisha kwa nambari zao. Folda yako ya zamani imeandikiwa nambari ya zamani, na kompyuta mpya inakuona mgeni.

Ingia kama msimamizi, ubonyeze mara mbili folda hiyo, na dirisha la kukataliwa likija na kitufe cha “Continue”, kibonyeze na usubiri. Folda kubwa huweza kuchukua muda mrefu, kwa hiyo usichomoe waya ukidhani imekwama. Ikishindikana, fungua lile dirisha jeusi kwa kubonyeza kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua “Run as administrator”, kisha uandike amri mbili, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni takeown /F "E:\Users\Mwalimu" /R /D Y, ambayo inakufanya mmiliki. Ya pili ni icacls "E:\Users\Mwalimu" /grant "%username%":F /T, ambayo inakupa ruhusa kamili. Badilisha herufi E na jina la folda yalingane na ya kwako.

Nakusihi usielekeze amri hizo kwenye diski C nzima wala kwenye folda ya Windows. Faili za mfumo zina mmiliki wake maalumu, na nimewahi kuona kompyuta nzima ikikataa kuwaka kwa sababu mtu aliyechoshwa na maonyo aliamua kujimilikisha kila kitu.

Jambo moja limeniumiza kidogo katika barua yako. Ikiwa wewe unaweza kuzifikia alama hizo kwa bisibisi na waya, mwizi naye ataweza. Neno la siri la kuingilia halilindi diski iliyotolewa. Kinachoilinda ni usimbaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawahesabu watoto miongoni mwa wale ambao taarifa zao zinahitaji uangalizi zaidi. Kompyuta yako mpya ikiwa na uwezo huo, uwashe, na uchapishe zile tarakimu 48 za ufunguo kwenye karatasi kabla hujaendelea.

SWALI: Nilinunua kompyuta ya mkononi iliyotumika Uingereza. Ilifanya kazi vizuri hadi nilipoifomati. Sasa inadai barua pepe ya kampuni nisiyoijua, na nimeifomati mara tatu bila mafanikio. (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Hata ukiifomati mara kumi itakuwa hivyo. Kampuni nyingi huandikisha kompyuta zao kwa Microsoft kwa kutumia alama za vifaa vyenyewe, na kila mfumo mpya unapopata intaneti, huuliza na kujibiwa kwamba mashine ni ya kampuni fulani. Mwenye uwezo wa kuifuta katika sajili hiyo ni kampuni yenyewe. Yawezekana iliiuza kihalali ikasahau kuifuta, na yawezekana iliibiwa. Wewe na mimi hatuwezi kujua kwa kuitazama. Usimlipe mtu aipite kwa ujanja. Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka wa 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia katika mfumo asio na idhini nao.

Irudishe kwa aliyekuuzia pamoja na risiti, umpe nambari ya kifaa iliyoandikwa chini yake, na umtake awasiliane na alikoinunua ili ifutwe, au akubadilishie. Ukipewa nyingine, usiipokee ikiwa imekwisha kuwekwa jina na picha ya mandhari. Mwombe muuzaji airejeshe katika hali ya mwanzo mbele yako, unganisha intaneti ya simu yako, na usitoe pesa hadi uione inakuuliza jina lako wewe.