Kumbukumbu za malipo: kanuni au triga?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza mfumo wa mauzo wa duka la jumla Kariakoo, hifadhidata ni PostgreSQL. Mwenye duka anataka kila malipo yakiingizwa, kubadilishwa au kufutwa, nakala ibaki kwenye jedwali la kumbukumbu. Kwa kanuni (CREATE RULE) namaliza kwa mstari mmoja. Triga, yaani kazi inayojiendesha jedwali likiguswa, inanitaka niandike na funksheni juu yake. Nikitumia kanuni nitajuta? – Msomaji, Ilala

Jibu: Utajuta, ndugu yangu, tena siku ya kufunga hesabu. Andika triga.

Kanuni haisubiri rekodi iingie. Inaidaka amri yenyewe kabla haijatekelezwa, ikaiandika upya au kuiongezea amri nyingine. Triga huitwa wakati rekodi inaguswa, thamani halisi ikiwa tayari imeshajulikana.

Chukua jedwali lako la malipo. Nadhani id yake inajijaza kwa nextval, funksheni inayotoa namba inayofuata, kama ilivyo kawaida. Unaweka kanuni ya DO ALSO (fanya na hili pia) inayopeleka NEW.id, id ya rekodi mpya, kwenye kumbukumbu, ukitegemea ni namba ileile iliyokwisha kutolewa. Wapi! Kanuni inanakili fomula, hainakili jibu lake, hivyo nextval inaitwa mara mbili. Malipo yanapata 41, kumbukumbu inaandika 42. Yanayofuata yanapata 43, kumbukumbu 44. Kwenye skrini hakuna kosa lolote, kila kitu shwari, mpaka mteja aje kubishia risiti namba 41 na wewe uikose kabisa kwenye kumbukumbu. Saa nayo ina mtego wake: now() haibadiliki ndani ya muamala (transaction) mmoja, lakini clock_timestamp() itakupa nyakati mbili tofauti.

Kuna na COPY. Siku mhasibu atakapokuletea faili la malipo ya mwezi mzima ulipakie kwa COPY, triga zitafanya kazi, kanuni hazitaguswa. Kumbukumbu itabaki tupu. Na ukitaka kutumia ON CONFLICT, kipande cha INSERT kinachosema la kufanya rekodi ikigongana na iliyopo, jedwali lenye kanuni ya INSERT au UPDATE litaikataa amri hiyo.

Wapo watakaokwambia kanuni ina kasi. Kwa kazi kubwa hawakosei sana: ukifuta rekodi laki moja kwa amri moja, triga ya FOR EACH ROW (ya kila rekodi) itaitwa mara laki moja, ilhali kanuni inaongeza amri moja tu. Ila tangu toleo la 10, la mwaka 2017, triga ya FOR EACH STATEMENT (mara moja kwa kila amri) inaweza kupewa rekodi zote zilizoguswa kama jedwali la muda kupitia REFERENCING, ukazihamishia kwenye kumbukumbu kwa INSERT moja.

Kanuni zenyewe hazijafa. Kila view (swali la SELECT lililopewa jina na kusomwa kama jedwali) unayoiunda, PostgreSQL huihifadhi kama kanuni ya SELECT iitwayo _RETURN. Kuandika kupitia view ndiko kulikokuwa kazi yao kubwa, lakini toleo la 9.1 lilileta triga za INSTEAD OF, zinazofanya kazi badala ya amri yenyewe, na 9.3 likafanya view nyepesi zikubali mabadiliko zenyewe.

Kwa duka moja, triga ya AFTER (baada ya tukio) ya rekodi mojamoja inatosha: kagua TG_OP, inayotaja tukio ni INSERT, UPDATE au DELETE, ndani ya funksheni, na kwenye DELETE soma OLD, rekodi ya zamani, maana NEW haina kitu. Ukienda kwa njia ya REFERENCING, triga moja haikubali matukio mawili, kwa hiyo andika tatu.