Fizio wa baba tutampata wapi huku Mbinga?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 61, alipata kiharusi wiki 7 zilizopita, upande wa kushoto ndio umelegea. Alilazwa Songea, wakati wa kuruhusiwa wakaandika aendelee na fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, sasa sisi tuko Mbinga na hatumjui mtaalamu yeyote. Kuna mzee anachua watu, anataka elfu 20 kwa siku kwa siku 10, ameshakuja mara mbili, anauvuta mkono mpaka baba anapiga kelele, anasema ndo mishipa inafunguka. Tuendelee naye au mtu wa kweli tumtafute wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni sana na mgonjwa. Naanza na mkono maana huo hausubiri. Huyo mzee mshukuruni, mpeni chake, ila aishie hapo, mkono usivutwe tena hata mara moja.

Iko hivi, bega linakaa mahali pake kwa sababu misuli imelishikilia, na kiharusi kikishalegeza hiyo misuli mkono unabaki unaning'inia kwa uzito wake. Weka kidole juu ya bega la kushoto la baba, pale mfupa wa juu unapoishia, halafu fanya hivyo hivyo kulia, ukiona kushoto kidole kinazama kwenye kishimo ujue bega limeanza kushuka. Sasa mtu akivuta hapo hakuna mshipa unaofunguka, anaumiza vile vichache vilivyobaki vimeshikilia. Niliwahi kumpokea mama mmoja miguu imesharudi vizuri tu, anatembea mwenyewe, lakini ukigusa hata mkono wa gauni upande ule analia, kumvalisha ilikuwa kazi ya watu wawili, na waliomvuta ni watoto wake mwenyewe waliokuwa wanampenda kabisa. Bega lile lilitusumbua kuliko kiharusi chenyewe.

Kwahiyo kuanzia leo msimnyanyue kwa kumshika kwapani wala kumvuta kiganja. Akikaa mkono uwe juu ya mto, usining'inie pembeni ya kiti. Kumvalisha shati mnaanza na mkono mgonjwa, kumvua mnamalizia na huo huo. Na mguu nao, ukivimba upande mmoja na nyuma ya goti kwenda chini kunauma, msichue kabisa, hiyo inaweza kuwa damu imeganda na ukichua inaweza kukimbilia kwenye mapafu, siku hiyo hiyo hospitali.

Sasa kumpata mtaalamu. Kabla hujalipa nauli tumia simu kwanza. Anza hospitali ya wilaya hapo hapo Mbinga, omba kuongea na ofisi ya mganga mfawidhi, uliza kama kuna fizio aliyeajiriwa au anayekuja siku maalum. Halafu uliza hospitali za misheni, Litembo na Peramiho, msizidharau hata kidogo. Zote zikishindikana mnarudi Songea hospitali ya rufaa ya mkoa, na mkifika dirishani semeni "fiziotherapia", au "utengamao" maana kuna sehemu mlango umeandikwa hivyo, ukisema tu daktari wa viungo utapangishwa foleni ya mifupa na siku itaisha. Karatasi ya kuruhusiwa msiisahau, na kama baba ana bima ulizeni mapema inataka rufaa gani.

Njia nyingine watu hawaijui: sisi mafizio ni wachache nchi hii na tunajuana, wengi tumesomea Moshi, pale hospitali ya KCMC. Ukiwa na ndugu Dar au Mbeya mwambie aingie kitengo cha fizio hospitali yoyote kubwa aulize tu "nani yuko Ruvuma?", mara nyingi atatoka na namba ya simu.

Ukimpata muulize amesoma wapi na leseni yake, usione aibu, fizio wa kweli amekaa chuo miaka 3 ya diploma au zaidi na hatakasirika. Ila mimi namtambua zaidi kwa siku ya kwanza. Kabla hajamshika baba atauliza maswali, atapima presha, atamwambia ageuke kitandani, akae, ajaribu kusimama, anaangalia na kuandika. Na kabla hajaondoka atakwambia wewe ufanye huku yeye anakuangalia. Mtu anayekuja siku 10 na bado nyie hamjui alikuwa anafanya nini, huyo kachukua hela.

Maana mdogo wangu, hamhitaji mtu wa kuja kila siku. Hiyo laki 2 ya siku 10 ipangieni safari za kwenda kwa mtu anayejua, mwanzoni kila wiki mbili halafu kila mwezi, kila safari mwombe mazoezi ya nyumbani na umrekodi na simu anavyofanya.

Kazi ya kila siku ni yenu. Mkiwa mnasubiri, kama baba anaweza kukaa mwenyewe bila kuanguka, chukueni kiti cha mbao kisichocheza, mgongo wa kiti ukutani, weka blanketi lililokunjwa juu kiwe kirefu kidogo. Nyayo zote mbili chini, azirudishe nyuma kidogo ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndo anyanyuke. Wewe simama upande wa kushoto, mshike kiunoni. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, asubuhi na jioni, akizoea unapunguza blanketi. Presha ikiwa imezidi 180 ya juu au 110 ya chini hakuna mazoezi, mpelekeni akaonwe.

Wiki 7 bado ni mapema, miezi 3 ya mwanzo ndo mwili unarudi kwa kasi, kwahiyo simu pigeni kesho msisubiri mwisho wa mwezi. Na mtu akiwaambia ikipita miezi 6 ndo basi msimsikilize, nimeona wanaoendelea kupata nafuu baada ya hapo, polepole tu.

Ukishawapigia niandikie wamekupa tarehe gani, na hilo bega, kidole kilizama au hapana?